Nguvu ya Jiwe

Mwezi Desemba 2023, siku chache baada ya matope, mawe na magogo kuteremka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, mjukuu wangu aliniuliza swali lililonifanya ninyamaze. Tulikuwa tumeketi barazani kwangu hapa Babati, redio ikieleza habari za maafa yale ya tarehe 3, ambayo yalichukua roho za watu zaidi ya 80. Mtoto alisikiliza kwa muda, kisha akasema, "Babu, mlima ule umekaa kimya miaka yote. Hiyo nguvu umeitoa wapi?"

Sikunyamaza kwa sababu ya ugumu wa swali. Nilinyamaza kwa sababu swali la namna ileile nilipata kuulizwa miaka karibu 50 iliyopita, na mtoto wa umri uleule, nami nilimjibu kwa fimbo.

Naomba msomaji anivumilie nianze na mtoto yule wa kwanza.

Ilikuwa mwaka 1974. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, miaka miwili tu tangu nitoke chuo cha ualimu, nikifundisha katika shule moja ya msingi kwenye Wilaya ya Hanang, ambayo wakati ule ilijumuisha na Babati hii yetu. (Wilaya ya Babati haikuwapo hadi mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara haukuzaliwa hadi mwaka 2002, tulikuwa watu wa Mkoa wa Arusha.) Tangu mwaka 1967 shule za msingi zilikuwa zikifundisha masomo yote kwa Kiswahili, na somo la Sayansi lilinipa taabu, maana mengi niliyoyajua nilikuwa nimeyasoma kwa Kiingereza, tena kwa kukariri. Kwa Kiingereza niliweza kuficha kwamba sikuyaelewa. Kiswahili hakina mahali pa kujificha mwalimu.

Siku hiyo nililitoa darasa la saba nje, nikaokota jiwe, nikalirusha kuelekea miti ya mikaratusi. Likaenda, likapinda, likaanguka. Nikauliza, "Kwa nini jiwe limeanguka?" Mvulana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, nguvu uliyolipa imeishia njiani."

Nikamwambia amekosea. Nikasoma kutoka katika maandalio yangu kanuni ya kwanza ya Newton: kila kitu hubaki katika hali yake ya kutulia, au ya kwenda sawasawa katika mstari ulionyooka, mpaka nguvu nyingine ikilazimishe kubadili hali hiyo. Nikasema jiwe halikubeba nguvu yoyote ya mkono wangu. Yule mvulana hakukaa. Akasema, "Lakini mwalimu, kama halikubeba nguvu, nani alikuwa akilisukuma baada ya wewe kuliachia?" Wenzake wakacheka, na mimi nikahisi wananicheka mimi. Nikarudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi. Akasema tena, "Lakini mwalimu..." Aliposema "lakini" ya tatu nilituma fimbo iletwe, nikampiga viboko vinne vya mkononi mbele ya darasa.

Sina budi kueleza kwamba mwaka ule neno nguvu lilikuwa limejaa midomoni mwa watu kwa jambo jingine kabisa. Amri ya kuhamia vijijini ilikuwa imetolewa mwaka 1973, na Operesheni Vijiji ilikuwa ikiendelea. Watu walisema fulani amehama kwa hiari, fulani amehamishwa kwa nguvu. Huenda ndiyo sababu watoto wale walilielewa neno lile vizuri kuliko nilivyodhani: nguvu ni kitu alicho nacho mtu mmoja, akakitumia juu ya mwingine, na kikiisha, yule wa pili anapumua. Lakini hayo ni mawazo ya leo. Siku ile sikuwaza lolote. Nilijua tu kwamba sina jibu.

Mvulana yule aliendelea kuja shuleni hadi mtihani. Ila kwa mwaka wote uliobaki hakunyosha mkono tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwalimu mkuu, niliachiwa na mgeni mmoja kitabu cha historia ya sayansi, kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Nilikisoma usiku kwa taa ya chemli, kamusi ikiwa pembeni, na nilipofika sura ya mwendo nilimkuta yule mvulana wangu ndani yake. Sikumkuta kwa jina, bali kwa maneno yake.

Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba hakuna kitu kinachokwenda bila kusukumwa. Sasa jiwe likishaachana na mkono linasukumwa na nini? Akajibu kwamba linasukumwa na hewa iliyo nyuma yake. Katika karne ya 6 mtu wa Alexandria aliyeitwa John Philoponus alilikataa jibu hilo. Kama ni hewa, alisema kwa maana hiyo, mbona hatuwezi kulisogeza jiwe kwa kupuliza upepo nyuma yake? Yeye alisema mrushaji analipa jiwe nguvu fulani isiyo na mwili, jiwe linakwenda nayo, na nguvu hiyo inapungua hadi inakwisha. Miaka mia tano baadaye Ibn Sina, ambaye jina lake linajulikana sana Uswahilini kwa ajili ya utabibu, alilichukua wazo hilo akalirekebisha: kilichotiwa ndani ya jiwe hakiishi chenyewe, bali kinamalizwa na vipingamizi vya nje. Katika karne ya 14 Jean Buridan wa Paris alifundisha jambo linalokaribiana sana na hilo. Na Galileo mwenyewe, akiwa mwalimu kijana pale Pisa kiasi cha mwaka 1590, aliandika kwamba nguvu iliyotiwa katika kitu kilichorushwa hupungua kama joto linavyopungua katika chuma kilichotolewa motoni.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. "Nguvu uliyolipa imeishia njiani." Galileo alikuwa na miaka kama 26 alipoandika hayo, na anaheshimiwa dunia nzima. Mwanafunzi wangu alikuwa na miaka 14, hajasoma kitabu chochote cha Kilatini, na mimi nilimchapa.

Sisemi kwamba mvulana alikuwa na haki na Newton hakuwa nayo. Alikosea, na Galileo wa Pisa alikosea. Ila kosa lao ni kosa la mtu anayefikiri, na halikuondolewa kwa kurudia kanuni kwa sauti kubwa. Iliwachukua wanadamu zaidi ya miaka elfu moja kutoka Philoponus hadi kitabu cha Newton cha mwaka 1687, na mimi nilitaka darasa la saba livuke muda huo katika kipindi cha dakika 40.

Newton alifanya nini basi? Kadiri ninavyoelewa, hakulijibu swali la mvulana. Alilibadili. Wote waliomtangulia waliuliza: nini kinachoendesha jiwe? Descartes na Galileo mzee walikuwa wamekwisha kulitikisa swali hilo, na Newton akalimaliza. Mwendo hauhitaji wa kuuendesha, kama vile kutulia kusivyohitaji wa kukutuliza. Kinachohitaji sababu ni badiliko: kitu kuanza, kusimama, kuongeza mbio, kupinda. Nguvu ni jina la kile kinacholeta badiliko hilo. Katika mojawapo ya fasili zilizo mwanzoni mwa kitabu chake aliandika waziwazi kwamba nguvu inayotiwa juu ya kitu imo katika tendo lenyewe tu, na tendo likiisha nguvu haibaki ndani ya kitu.

Haibaki. Hapo ndipo penye falsafa yote, na ndipo lugha yetu ya kila siku inapotukwamisha. Sisi tunasema fulani ana nguvu. Ng'ombe huyu ana nguvu, chai hii ina nguvu, serikali ina nguvu. Nguvu kwetu ni mali: mtu anayo, anaiweka, anaitoa, inamwishia, inamrudia akila. Nguvu ya Newton haina mwenyewe. Huwezi kuwa nayo. Ipo wakati vitu viwili vinapofanyiana jambo, na vikiachana haipo.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuitazama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na kuona kwamba neno la kitaalamu ni kani wala si nguvu, mwanzoni nilinuna. Nililiona kama neno la wakubwa wa Dar es Salaam. Nguvu tunaijua, kani ya nini tena? Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenzangu aliyezaliwa pwani. Aliniambia kwao kani si neno geni hata kidogo. Ni nguvu, ndiyo, lakini ni nguvu yenye ubishi ndani yake. Mtu mwenye kani ni mkaidi, hageuki. Na watu wawili wakigombania jambo, kila mmoja akikataa kuachia, husemwa wameshikana kani.

Nililicheua jambo hilo kwa wiki nzima. Newton, msomaji afahamu, aliandika Kilatini, na neno lake vis alilitumia kwa mambo mawili. Moja ni ile nguvu ya tendo niliyoitaja. La pili ni nguvu aliyosema imo ndani ya kila kitu kwa asili yake, ambayo kwayo kitu hushikilia hali yake na kukataa kubadilishwa. Hiyo si nguvu ya kusukuma. Ni ubishi wa kitu. Gari bovu ukilisukuma unauhisi. Sasa nikasema, hawa wakubwa wa Dar es Salaam wamekosea mlango! Neno lenye maana ya ukaidi lingefaa kwa ule ubishi wa asili, nao wamelipa tendo.

Baadaye nilibadili mawazo, na aliyenibadilisha ni ng'ombe. Nilikuwa nikifundisha kanuni ya tatu, ile isemayo kwamba kila kitu kinachosukuma au kuvuta kingine husukumwa au kuvutwa nacho kwa kiasi kilekile, upande wa kinyume. Newton alitoa mfano wa farasi anayevuta jiwe kwa kamba. Huku kwetu farasi ni wa picha tu, kwa hiyo niliwapeleka wanafunzi pembeni mwa shamba la shule ambako jirani alikuwa akilima kwa plau. Nikasema, plau inawavuta ng'ombe nyuma sawasawa na ng'ombe wanavyoivuta mbele. Msichana mmoja akauliza, "Kama ni sawasawa, mbona ng'ombe wanashinda?"

Safari hii sikutafuta fimbo. Tuliinama kutazama kwato. Udongo ulikuwa umesukumwa nyuma, umejikunja kila mahali ng'ombe alipokanyaga. Ng'ombe wanaisukuma ardhi nyuma, na ardhi inawasukuma mbele; plau inawavuta nyuma. Ng'ombe wanatazamwa kwa kani zinazowafikia wao, si kwa zile wanazozitoa kwa wengine. Kama ardhi inawasukuma mbele kuliko plau inavyowarudisha nyuma, wanaanza kwenda. Zikilingana, wanaendelea vilevile walivyokuwa wakienda. Na jozi ile ya ng'ombe na plau hailingani siku moja na kutolingana siku nyingine. Inalingana daima, wakienda wasiende. Msichana akawaza, akasema, "Basi kwenye utelezi ng'ombe hana nguvu hata akiwa mnene." Ndiyo. Mnene, mwenye afya, ameshiba, lakini ardhi ikikataa kumshika, kani haipo. Ni jambo la wawili.

Hapo nikaona kwamba kushikana kani kunataka wawili, na neno likatulia moyoni mwangu. Sijui kama waliolichagua waliwaza hivyo.

Yapo mengi wanafalsafa waliyosema baada ya Newton, nami nitayapita haraka kwa sababu mengine yananichosha. Newton alieleza mvutano wa dunia na mwezi kwa hesabu, lakini alipoulizwa mvutano wenyewe unavukaje anga tupu, alikiri kwamba hajui sababu yake. Mwaka 1693 alimwandikia Richard Bentley kwamba kudhani kitu kinaweza kukivuta kingine cha mbali bila chochote katikati ni upuuzi. Leibniz alimshutumu kwa kurudisha mambo ya uchawi katika elimu. Askofu Berkeley mwaka 1721 alisema nguvu ni jina la kusaidia hesabu, mfano wa alama. Heinrich Hertz, katika kitabu kilichotoka mwaka 1894, alijaribu kujenga elimu yote ya mwendo bila kuitumia nguvu kama wazo la msingi, na mwaka 1915 Einstein akauondoa uvutano katika orodha ya nguvu kabisa. Hata ile hesabu tunayoiandika ubaoni, kani sawa na tungamo mara mchapuko, haimo kitabuni mwa Newton kwa sura hiyo. Ni kazi ya Leonhard Euler wa mwaka 1750.

Mimi siwezi kumfuata Berkeley hadi mwisho. Mwanamke aliyepanda mlima na ndoo ya maji kichwani hawezi kuambiwa kwamba uzito ni alama tu. Lakini nakubali jambo moja: hisia ile ya kujikaza tunaipata katika misuli yetu, kisha tunaikopesha jiwe, ambalo halina misuli. Mvulana wangu alikopesha. Galileo pia.

Nalo deni hilo halikuwa bure. Jiwe linalokwenda linabeba kitu, ingawa si nguvu ya mkono. Leibniz tangu mwaka 1686 alishikilia kwamba kuna kitu kinachopaswa kupimwa kwa mwendokasi uliozidishwa kwa wenyewe. Katika miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha gololi za shaba juu ya udongo laini, akaona iliyofika kwa mwendokasi mara mbili inachimba mara nne. Leo kitu hicho tunakiita nishati. Hiyo inabebwa, inahamishwa, na wengi husema inakwisha, ingawa kwa kweli inageuka tu. Kama ningelijua neno hilo vizuri mwaka 1974, ningelimwambia mvulana: umekosea jina, lakini umeona kitu.

Nilikutana naye mwaka 2019 hapa stendi ya Babati. Barabara ya lami kutoka Dodoma ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia, na malori yalikuwa yakipita mengi. Mtu mzima mwenye mvi alishuka kwenye semitrela, akanijia moja kwa moja. "Shikamoo, mwalimu." Sikumtambua mpaka aliponyosha kiganja chake na kunionyesha, akicheka. Tuliketi tukanywa chai. Nilimwomba radhi. Akaipokea kwa adabu, kisha akatazama gari lake.

"Mwalimu," akasema, "ukishuka Bereko na tani 30 mgongoni, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari halisimami. Hakuna anayelisukuma, na halisimami. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilikukumbuka. Nikasema, kumbe mwalimu alisema kweli." Akanywa chai. "Ila hukunieleza."

Nilitaka kumweleza habari za Philoponus na Galileo, kwamba yeye na wao walikuwa kitu kimoja. Nilianza, lakini utingo wake alikuwa akimwita, na kulikuwa na kelele nyingi. Aliniambia atapita siku nyingine nimalizie. Hajapita bado.

Kwa hiyo mjukuu aliponiuliza mlima uliitoa wapi nguvu, nilijua ninatakiwa kueleza, na nilieleza taratibu. Nilimwambia mlima haukuitoa nguvu mahali popote siku ile. Uzito wa miamba ile ulikuwa ukiivuta kuelekea chini tangu mlima ulipokuwapo, usiku na mchana, bila kupumzika. Na miamba ya chini yake, pamoja na msuguano na mshikamano wa udongo, ilikuwa ikikataa kwa kiasi kilekile. Tulichokiona sisi ni utulivu, na utulivu ule ulikuwa ni pande mbili zilizoshikana kani. Mvua iliponyesha kwa wingi, sehemu yenye miamba dhaifu ikanyonya maji, upande mmoja ukalegea. Upande wa pili haukuongeza nguvu ya maana; ulikuwapo tu. Tope lilipopata mwendo, likawa na nishati, na kila mwendokasi ulipokuwa mara mbili madhara yalikuwa kama zile gololi kwenye udongo.

Alisikiliza hadi mwisho. Akageuka akautazama Mlima Kwaraa, ambao kutoka barazani kwangu unaonekana wote ikiwa hakuna wingu.

"Na huu nao, babu? Sasa hivi?"

"Sasa hivi," nikamwambia.

Akauliza kama mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi upande wa kule juu, msituni. Nikasema kesho tutamwuliza mtu wa huko.